Alifuta jibu lililokuwa sahihi

Nilikuwa nazunguka kati ya madawati, kazi ya siku hiyo ilikuwa kujumlisha sehemu, theluthi mbili na robo. Nikafika kwa binti mmoja ambaye siku zote huwa analaza mkono juu ya daftari ili mtu asione anachoandika, ila safari hii nilitokea nyuma yake kwa hiyo niliona. Alikuwa ameandika kumi na moja juu ya kumi na mbili. Sahihi kabisa. Ametafuta asili moja, yaani namba ya chini inayofanana, amebadilisha zote mbili, amejumlisha, kazi safi. Alafu akageuza macho kidogo akachungulia daftari la jirani yake, ambaye darasa zima linamjua kama mkali wa hesabu, na jirani alikuwa kaandika tatu juu ya saba, yaani kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Yule binti akachukua raba akafuta jibu lake, akafuta mpaka karatasi ikaanza kunyofoka, akaandika tatu juu ya saba.

Sikusema kitu pale pale, nilipita. Ila nimekaa na hiyo picha muda mrefu na posti hii yote imetokana na hiyo raba.

Manake angekuwa hajui, ningejua cha kufanya. Asiyejua unamfundisha. Huyu anajua, hesabu iko kichwani mwake imekaa vizuri, kilichokosekana ni kitu kingine na watu wa elimu wana jina lake tayari, watakwambia huyo mtoto hajithamini, mjengee kujithamini. Kila semina utalisikia hilo. Mi nimelisikia mpaka nikaanza kujiuliza hivi hili neno hasa maana yake nini, na mwalimu anamjengea vipi mtoto kitu ambacho kwa jina lake tu ni cha mtoto mwenyewe, kujithamini, ji, yeye kwa yeye. Nikaanza kusoma wanafalsafa nikidhani ni suala la wiki mbili. Huu ni mwaka wa tatu.

Kwanza niseme kuhusu lugha yetu, maana Kiswahili chenyewe kina mashaka na hili jambo na mi naona mashaka yake yana akili. Ukisema mtu anajiona, hujamsifia. Ukisema anajisikia ndo kabisa, umemsema vibaya. Anajidai, anajikweza, anajishaua, karibu kila tunapoichukua ile "ji" tukaipachika kwenye kuona au kusikia tunakuwa tunalaumu. Na upande wa pili kuna kujidharau na kujiona si kitu, ambako nako hatukupendi, tukimsikia mtu anajidharau tunamkatiza hapo hapo. Kwa hiyo tunajua kuna sehemu ya katikati, tunaijua vizuri tu, ila neno tulilolipeleka kukaa pale ni kujithamini, na thamani mzizi wake ni wa Kiarabu na kule maana yake ni bei. Ukilichukua neno lilivyo, kujithamini ni kujipangia bei. Naomba ulishike hilo, nitalirudia, kwa sababu kuna Mjerumani mmoja aliikataa kabisa hiyo habari ya bei.

Wa kwanza kunishika lakini alikuwa Mmarekani, William James, mwanafalsafa aliyekuwa pia mwanasaikolojia. Mwaka 1890 alitoa kitabu kikubwa cha saikolojia na humo ndani akaweka kujithamini kama sehemu, namaanisha sehemu ya hesabu, ina kiasi na ina asili. Juu unaweka mafanikio yako. Chini unaweka yale uliyojitwisha kwamba lazima uyafikie. Unagawanya, unachopata ndo jinsi unavyojiona. Nilivyoisoma nilicheka kwa furaha manake mi nafundisha sehemu kila mwaka na sikuwahi kufikiria kwamba unaweza kumwandika mtu namna hiyo.

Na ukiikubali hiyo sehemu, basi kuna njia mbili za kuipandisha. Unaongeza ya juu au unapunguza ya chini. James anasema bila kuficha kwamba kuachana na tarajio kunampa mtu nafuu tamu sawasawa na kulitimiza. Anajitolea mfano yeye mwenyewe, kwamba maisha yake kayaweka kwenye saikolojia, kwa hiyo akikutana na mtu anayeijua saikolojia kumzidi yeye anaumia, ila Kigiriki hakijui kabisa na wala hakimnyimi usingizi, kwa sababu hajawahi kujitwisha Kigiriki.

Hapo nikamkumbuka yule binti. Yeye ameshapunguza ya chini. Siku moja alishaniambia kabisa, bila uchungu wowote, kama mtu anayekwambia anaishi nyumba ya ngapi, kwamba "mimi hesabu sio zangu." Na ameshapata ile nafuu ya James, amepumzika, hesabu zikiharibika hakuna kinachoharibika ndani yake kwa sababu alishazitoa kwenye asili zamani. Kwa kanuni ya James huyu mtoto hana tatizo, namba yake inatoka vizuri tu. Ila mi niliyeona raba najua kuna kitu kimepotea.

Nadhani James hapo anaongelea mtu mzima. Mtu mzima anachagua cha kujitwisha, yeye alichagua saikolojia akakiacha Kigiriki. Mtoto hachagui. Anaingia darasani anakuta ile namba ya chini imeshaandikwa na watu wengine, kusoma, kuandika, hesabu, sayansi, zote kwa pamoja na kwa tarehe zilizopangwa, na anaambiwa haya jaza ya juu. Asipoweza kujaza njia pekee iliyobaki mikononi mwake ni kuanza kufuta vitu huko chini kimya kimya, hiki sio changu, kile sio changu, na anaweza kuendelea kufuta mpaka akafika mahali shule nzima sio yake. Tunawaita wavivu hao. Wengine ni wavivu kweli lakini wengi wao ni watu wanaojilinda.

Sasa kuna watu walishajaribu kulimaliza hili tatizo kiserikali kabisa. Mwaka 1986 jimbo la California kule Marekani, kwa msukumo wa mbunge aliyeitwa John Vasconcellos, lilipitisha sheria ya kuunda tume ya kukuza kujithamini, gavana George Deukmejian akasaini, wakatenga dola 245,000 kwa mwaka kwa miaka 3. Matumaini yalikuwa makubwa, watu wajithamini alafu uhalifu upungue, mimba za utotoni zipungue, madawa ya kulevya, kufeli shuleni, utegemezi, yote. Ripoti ilipotoka mwaka 1990 walikuwa wanaongelea kujithamini kama chanjo ya jamii. Chanjo! Unachoma mara moja, magonjwa yote yanakaa mbali. Na mwaka mmoja kabla ya hiyo ripoti wasomi waliopewa kazi ya kupitia tafiti walishatoa kitabu chao, na mmoja wa wahariri, mwanasosholojia Neil Smelser, aliandika humo mwanzoni kabisa kwamba uhusiano waliouona kati ya kujithamini na hayo mambo mengine ni mdogo. Haikuzuia kitu. Wimbi lilishaondoka, likaenda mashuleni, likavuka bahari, na nina uhakika hizi semina tunazokaa leo ni mawimbi ya mwisho mwisho ya jambo lile lile.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake watatu walipitia tafiti zilizorundikana, na kwa upande wa shule walichokuta ni kwamba kujithamini na kufaulu vinaenda pamoja kidogo, ila ushahidi haukuonyesha kwamba kujithamini ndo kunaleta kufaulu, kwa sehemu ni kinyume chake, mtoto akifanya vizuri ndo anaanza kujiona vizuri. Ukifikiria utaona inaeleweka. Mkulima anafurahi kwa sababu mahindi yameota, huwezi kwenda kumfurahisha mkulima ukategemea mahindi yaote.

Hapa niseme kosa langu, manake sijaja kuwasema watu wa California. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na muhuri. Muhuri wa nyota na maneno vizuri sana, na niligonga kila daftari, nikiamini nafanya jambo jema, na lilikuwa jambo la upendo kweli, sikutaka mtoto yeyote aende nyumbani na mistari mekundu kama mimi nilivyokuwa naenda. Madaftari yakiwa mengi nilikuwa nafungua, nagonga, nafunga. Siku moja kijana mmoja akaja mezani na insha yake, nyota ipo, vizuri sana ipo, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma.

Hakuuliza kwa kunishtaki. Alitaka kujua tu, manake mle ndani kulikuwa na aya aliyoihangaikia, aliifuta na kuiandika upya mara kadhaa, na alitaka kujua kama ile nyota ni ya ile aya au ni nyota tu. Nilikaa nayo usiku ule nikaisoma, aya ya tatu ilikuwa nzuri kweli, na aya ya pili ilikuwa imevurugika vibaya, na nilikuwa sijamwambia lolote kati ya hayo mawili. Nilichomfanyia nikifikiri ni kumjenga ilikuwa ni kumwambia kwa muhuri kwamba kazi yake haihitaji kusomwa. Ule muhuri sijautumia tena tangu siku ile.

Baadaye ndo nikakuta utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck wa mwaka 1998. Watoto wa kama miaka 10 hivi walipewa mafumbo, wakaambiwa wamefanya vizuri, alafu wengine wakasifiwa kwamba wana akili na wengine wakasifiwa kwamba wamejitahidi. Baada ya hapo wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa, kisha mengine mepesi kama yale ya mwanzo. Waliosifiwa akili ndo waliochagua kazi rahisi walipopewa nafasi ya kuchagua, ndo walioshuka baada ya kushindwa, na wao ndo waliodanganya zaidi kuhusu maksi zao walipoambiwa wawaandikie watoto wengine. Hiyo ya kudanganya ndo inanikaa. Kumwambia mtoto una akili unadhani umempa zawadi kumbe umempa kitu cha kulinda.

Turudi kwa wanafalsafa. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwenye kitabu cha 4 cha maadili yake, anamweka katikati mtu mwenye moyo mkubwa, anayejiona anastahili mambo makubwa na kweli anayastahili. Pembeni yake kuna mwenye majivuno, anayejiona anastahili asichostahili. Na pembeni nyingine kuna mwenye moyo mdogo, anayestahili lakini anajiona hastahili. Nilidhani atasema wa majivuno ndo mbaya zaidi, kama sisi tungesema. Anasema hapana, mwenye moyo mdogo yuko mbali zaidi na wema, na wako wengi zaidi, kwa sababu mtu anayejiona hastahili anajiondoa kwenye matendo mema na kwenye kazi nzuri zenyewe, anakaa pembeni. Nilisimama hapo nikafunga kitabu. Binti yangu wa raba yumo mle. Jirani yake mwenye tatu juu ya saba amekosea, lakini amekosea akiwa ndani ya hesabu, kesho nikimwonyesha atapata. Huyu alikuwa amepata na akatoka nje mwenyewe.

Ila Aristotle hanitoshi. Kwake kila kitu kinaning'inia kwenye kustahili, na mtoto wa miaka 10 amestahili nini bado? Ndo kwanza anaanza. Ukimwambia jione kwa kadiri ya ulichofanya, na hajafanya kitu bado, atajiona nini?

Hapo ndo anaingia yule Mjerumani. Immanuel Kant, mwaka 1785, anasema kila kitu ama kina bei ama kina hadhi. Chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine cha bei hiyo hiyo. Chenye hadhi kiko juu ya bei zote, hakina cha kubadilishana nacho, na binadamu yuko upande huo, sio kwa sababu amefanya nini, ni kwa sababu ya utu wake. Kijerumani chake kinamlazimisha aeleze kurasa nyingi jambo ambalo Kiswahili kina neno lake la herufi tatu. Na mwaka 1797 akarudi akasema kujishusha mbele ya watu ni kosa, ni kuvunja wajibu ulio nao kwako mwenyewe, akaandika kwamba anayejifanya mnyoo asilalamike baadaye akikanyagwa. Kali hiyo, na kwa mtoto mi nisingeisema hivyo, manake mtoto mara nyingi hakujifanya mnyoo, kuna mtu alimwambia ni mnyoo. Lakini angalia alichofanya Kant, ameichomoa heshima ya mtu kwa nafsi yake kutoka kwenye mafanikio yake, kabisa. Haipandi kwa maksi na haishuki kwa maksi.

Alafu mwaka 1977 Stephen Darwall, mwanafalsafa wa Marekani, akayaweka vizuri kwa kusema kuna heshima za aina mbili na tunazichanganya kwa sababu zina jina moja. Kuna ile unayompa mtu kwa kuwa ni mtu, unamhesabu kwenye maamuzi yako, humpiti kama unavyopita kiti. Na kuna ile unayompa kwa kuwa amefanya kitu vizuri, fundi mzuri, mwandishi mzuri, hiyo inapimwa, ina zaidi na pungufu. Ya kwanza haina zaidi wala pungufu. Kwetu tungesema moja ni heshima na nyingine ni sifa, na mtu anayejua lugha hawezi kuzichanganya.

Lakini shule inazichanganya, hili ndo ninalotaka kulisema na nalisema kwa uchungu. Tunafanya kinyume kwenye zote mbili. Heshima, ambayo ilitakiwa iwe ya bure, tunaiuza kwa maksi, na sifa, ambayo ilitakiwa iwe ya kufanyia kazi, tunaigawa bure kwa muhuri. Mtoto akifeli anazungumzishwa kwa sauti nyingine, anakaa mahali pengine, jina lake linatajwa kwa namna nyingine, yaani utu wake umeguswa, alafu tukiona amenyong'onyea tunamwendea na nyota za bure. Tumemnyang'anya kile ambacho hakikutakiwa kuguswa tukamfidia kwa kile ambacho hakina maana kikiwa cha bure.

Mwalimu mmoja nilipokuwa mdogo alikuwa anasoma maksi kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mitihani yenyewe anairudisha kwa mpangilio huo huo. Wa mwanzo anawapa mkononi. Akifika katikati anaweka kwenye kona ya meza uje uchukue. Wa mwisho alikuwa anaziachia zidondoke, na mimi kwa mwaka mzima niliokota hesabu zangu chini. Sikumbuki hata moja ya hizo maksi. Nakumbuka sakafu. Na sasa nikiwa mtu mzima nikipewa karatasi yoyote na mtu yeyote naangalia kwanza mkono wake unavyoishika.

Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alishaliona hili mwaka 1755 alipoandika kuhusu chanzo cha kutokuwa sawa kwa watu. Anasema kuna kujipenda kwa asili, kule kwa kujitunza tu, na kuna kujipenda kwingine kulikozaliwa siku watu walipoanza kuangaliana, nani anaimba vizuri zaidi, nani anacheza vizuri zaidi, kila mtu akataka kutazamwa na yeye, na toka hapo furaha ya mtu ikahamia kwenye macho ya mwenzake. Na mwaka 1762 alipoandika kuhusu malezi ya kijana wa kubuni aliyemwita Emile akakataa kumshindanisha na mtoto mwingine yeyote. Badala yake kila mwaka anamshindanisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana, umerefuka kiasi hiki, ule mtaro ndo ulikuwa unauruka, ule mzigo ndo ulikuwa unaubeba, haya tuone sasa. Nimeipenda hiyo ya mtaro kupita kiasi. Shida ni kwamba Emile yuko peke yake na mwalimu wake, na mi nina chumba kimejaa watoto, na huwezi kuwazuia watoto waliokaa karibu hivyo wasiangaliane. Na pia sidhani ni vibaya wakiangaliana. Ubaya ni wakijua kwamba kuna kitu kikubwa kuliko maksi kinategemea wanachokiona.

Hata kipimo chenyewe kinabeba huo mchanganyiko. Mwaka 1965 mwanasosholojia Morris Rosenberg alitoa dodoso lake la sentensi 10 la kupima kujithamini, mpaka leo watafiti wanalitumia dunia nzima. Humo kuna sentensi ya kujiona una thamani sawa na wengine, na hapo hapo kuna ya kuweza kufanya mambo vizuri kama watu wengi wanavyofanya. Moja ni ya Kant na nyingine ni ya Aristotle, zinajumlishwa inatoka namba moja. Mtoto anaweza kuwa na moja na akakosa nyingine, na dawa za hayo mawili hazifanani hata kidogo.

Kuna swali limenisumbua na bado linanisumbua kidogo. Kama sifa ni ya kufanyia kazi, asiyethubutu kuanza ataifikiaje? Ili ufanye lazima uamini kidogo kwamba unaweza, na ili uamini lazima uwe umefanya kidogo. Mduara. Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika kuhusu wakulima walioambiwa kwa muda mrefu kwamba hawajui kitu mpaka wakakubali. Wako kwenye mjadala, wanachangia vizuri, ghafla wanakatiza wanamwambia mwalimu samahani, tungenyamaza sisi uongee wewe, wewe ndo unayejua. Watu wazima hao na walikuwa wanaongea mambo ya maana! Ni raba ile ile.

Jibu nililofikia mpaka sasa nimelipata kwa mwanafalsafa John Rawls, ingawa yeye haongelei madarasa. Mwaka 1971, kwenye kitabu chake cha haki, anasema kujiheshimu huenda ndo jambo la msingi kuliko yote ambayo jamii inagawa, kwa sababu bila hicho hakuna kinachoonekana kinafaa kufanywa, na hata tukivitamani vitu tunakosa nguvu ya kuvifuata. Ila jamii haiwezi kugawa hisia yenyewe. Inachoweza kugawa ni misingi yake, mazingira yanayoibeba, na mojawapo anasema ni kuwa na watu ambao wanaona kazi yako na kuichukulia kwa uzito. Kwa hiyo sio juu yangu kumfanya mtoto ajione vizuri, hata siwezi. Ni juu yangu kuwa mtu ambaye ameisoma insha. Ile imani ya kwanza mtoto anaweza kuiazima kwa mwalimu mpaka apate yake, na mwalimu haionyeshi kwa maneno matamu, anaionyesha kwa kumpa kazi ngumu kidogo kuliko alivyozoea na kuisoma mpaka mwisho. Ukimpunguzia kazi kwa huruma anaelewa mara moja unachomfikiria. Watoto wanaelewa haraka mno hilo.

Nilichobadilisha darasani ni kidogo. Mitihani narudisha yote mkononi, kwa mkono ule ule, na maksi hazisomwi kwa sauti. Insha nikikosa muda wa kusoma zote siku hiyo nasoma nane nazo nazisoma kweli, na waliobaki nawaambia zenu ni kesho. Na kwenye hesabu nimeondoa raba. Jibu ukilikataa unalipiga mstari mmoja, lionekane, uandike jipya pembeni. Wiki za kwanza walilalamika sana manake daftari linakuwa chafu, na waliolalamika zaidi walikuwa wale wa vizuri sana. Yule binti hakulalamika, aliongeza tu kuulaza mkono.

Ilichukua karibu muhula mzima. Siku moja tulikuwa kwenye kutoa, tano juu ya sita toa tatu juu ya nane, nikapita pale mkono haupo juu ya daftari. Kulikuwa na jibu limepigwa mstari, la pili limepigwa mstari, la tatu pia, na la nne amelizungushia duara, ishirini na tisa juu ya ishirini na nne. Asili amepata, ishirini na nne. Sio sahihi, kajumlisha badala ya kutoa. Jirani yake mkali alikuwa ameshamaliza na jibu lake lilikuwa wazi pale pale pembeni, sahihi. Binti hakuwa anaangalia huko, alikuwa ananisubiri mimi. Akaniambia, "Mwalimu, hii imezidi moja. Na tumeanza na kitu kidogo kuliko moja alafu tukatoa. Kuna mahali haiko sawa ila sijapaona."

Nikavuta kiti nikakaa.